Mazoezi ya Alfajiri na Usingizi wa Jioni: Haki ya Mwili, Jicho na Mgeni



Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu hapa chuoni tuna mambo mawili tunayoyapenda na yote mawili ni ya kheri. La kwanza ni kuamka mapema, kuswali Alfajiri kwa jamaa na kufanya mazoezi kabla jua halijapanda. La pili ni kubaki macho baada ya Isha kwa ajili ya darsa, kusoma masomo yetu, kusikilizana Qur'ani, na kwa aliyejaaliwa, kusimama usiku. Kila moja peke yake ni zuri. Yakikutana katika mwili mmoja wenye saa 24 tu, mojawapo linaanza kula haki ya jingine. Mimi niliyakutanisha vibaya muhula uliopita, na aliyelipa si mimi peke yangu. Ndiyo maana nimeona niandike somo hili.

Nilivyoanza

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Anayepajua kwetu anajua kwamba Jumamosi na Jumapili asubuhi barabara zinajaa vikundi vya watu wanaokimbia pamoja huku wakiimba, vijana kwa wazee. Nilipofika hapa Mbale kusoma niliikumbuka hali hiyo. Tukakusanyana wanafunzi sita, Warundi wawili, Watanzania watatu na Mganda mmoja, tukaanza kukimbia kila siku ya masomo baada ya Swala ya Alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kilomita nane, huku mlima wa Wanale ukiwa mbele yetu bado mweusi kwa giza.

Nilijisikia vizuri sana. Pumzi ilikuwa nyepesi, mwili ulipungua, na darsani asubuhi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba muumini mwenye nguvu ni bora kuliko muumini dhaifu, kama ilivyopokewa na Abu Huraira (r.a.) katika Sahih Muslim. Nilikuwa nataja pia hadithi ya Sakhr al-Ghamidi (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zao za mapema. Sakhr alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akituma bidhaa zake mwanzo wa mchana, akatajirika. Hoja zangu zilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa siku.

Saa zangu za kulala sikuzibadilisha. Kabla ya mbio nilizoea kulala saa sita usiku, na baada ya kuanza mbio niliendelea kulala saa sita usiku. Nilikuwa naamka saa kumi na moja. Hizo ni saa tano za usingizi. Wiki ya kwanza sikuhisi kitu. Wiki ya tatu nilianza kusinzia kati ya Magharibi na Isha. Nilikuwa nasema nanyoosha mgongo dakika kumi tu, kisha nazinduka naona msikiti umeshatoka. Usiku mmoja nilizinduka saa nane, nikaswali Isha peke yangu chumbani, nikarudi kulala. Asubuhi nikakimbia kilomita zangu nane kama kawaida, na watu wakanisifu kwa bidii yangu.

Kosa la aya moja

Nilikuwa na ahadi na mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, kijana kutoka Ujiji. Alikuja chuoni akiwa amehifadhi juzuu kumi, na alikuwa anajiandaa kuhudhurisha mbele ya mwalimu. Baada ya Isha alikuwa anakuja chumbani kwangu, mimi nashika msahafu, yeye anasoma kwa kichwa, akikosea namsimamisha. Ni kazi ya nusu saa hadi dakika arobaini. Haihitaji elimu kubwa, inahitaji macho yaliyo wazi tu.

Anayehifadhi Qur'ani anajua kuna aya zinazofanana, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Aya ya 58 ya Suratul-Baqara, inayoeleza Bani Israili walivyoamrishwa kuhusu ule mji, inafanana sana na aya ya 161 ya Suratul-Aaraf. Maneno machache tu yanatofautiana. Kijana wetu alikuwa akifika hapo ulimi unaruka kutoka sura moja kwenda nyingine bila yeye kujua. Mtu huwezi kulisikia kosa kama hilo katika kisomo chako mwenyewe, kwa sababu masikioni mwako linasikika sawa. Ndiyo maana unahitaji msikilizaji.

Usiku ule alisoma, akakosea, akaendelea. Mimi nilikuwa nimesinzia na msahafu mapajani. Alipomaliza akanitazama, akauchukua msahafu taratibu akauweka juu ya rafu, akanifunika shuka, akazima taa akaondoka. Hayo nilihadithiwa na mwenzangu wa chumba. Na haikuwa usiku mmoja. Kwa hesabu ya mwenzangu huyo, wiki ile nilisinzia siku tatu kati ya nne.

Siku ya kuhudhurisha alisoma kosa lile lile mbele ya mwalimu. Akasimamishwa, akarudia, akakosea tena, kwa sababu kosa lilikuwa limeshakaa ulimini. Akaambiwa arudi baada ya mwezi. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Kaka, usijali, wewe ulichoka tu." Hakuwa na kinyongo. Lakini tangu siku hiyo hakuja tena chumbani kwangu baada ya Isha. Alipoulizwa na wenzetu alisema hataki kunisumbua kwa kuwa naamka mapema kwa mazoezi.

Neno hilo lilinikaa moyoni. Mazoezi yangu yamekuwa sababu ya ndugu yangu kuona haya kunibishia hodi.

Hadithi niliyoisoma nusu

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Hadithi, mtu mzima mwenye maneno machache. Nilimweleza mambo yangu nikitaraji anifundishe dua ya kuondoa usingizi. Akaniuliza, "Mwanangu, unalala saa ngapi?" Nikamjibu. Akaniuliza tena, "Hoja yako ya mazoezi ni hadithi ipi?" Nikamtajia ile ya kwamba mwili wako una haki juu yako. Akaniambia, "Nenda kaisome yote, kisha urudi."

Hadithi hiyo ni ya Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.), na imo katika Sahih Bukhari. Abdullah alikuwa kijana mwenye bidii ya ajabu, akifunga kila mchana na kusimama kila usiku. Mtume (s.a.w.) alipopata habari zake alimkataza asifanye hivyo. Akamwamrisha afunge na afungue, asimame na alale, kisha akamhesabia haki zilizo juu yake: mwili wake una haki, jicho lake lina haki, mkewe ana haki, na mgeni anayemtembelea ana haki.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimeishika haki ya mwili, nikaijenga ratiba yangu yote juu yake. Jicho, ambalo haki yake ni usingizi, sikulipa. Na mgeni, anayekuja kwako akikuhitaji, sikumpa. Zote zimo katika maneno ya siku moja, kwa mtu mmoja, kutoka kwa Mtume mmoja (s.a.w.). Zaidi ya hayo, hadithi yenyewe haikusemwa kwa mtu mvivu. Ilisemwa kwa mtu mwenye bidii iliyopita kiasi, na bidii yake ilikuwa katika ibada, si katika mbio. Ikiwa swala ya sunna ya usiku kucha haikuruhusiwa kula haki ya jicho na ya mgeni, kilomita nane zina udhuru gani?

Abdullah huyo huyo alipozeeka na nguvu kumpungua alitamani angeikubali ile nafuu aliyopewa na Mtume (s.a.w.). Alikuwa amejipangia kiwango cha ujanani, na hakutaka kukiacha jambo alilomzoea nalo Mtume. Hapa kuna funzo kwetu sisi tulio katika miaka ya ishirini. Ratiba nzuri ni ile unayoweza kudumu nayo.

Kipo pia kisa cha Salman na Abud-Dardaa (r.a.), nacho kimo katika Sahih Bukhari. Salman alimtembelea nduguye akalala kwake. Kila Abud-Dardaa alipotaka kuinuka kuswali mwanzoni mwa usiku, Salman alimwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku akamwamsha, wakaswali wote wawili. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake, nafsi yake na watu wake wa nyumbani wote wana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (s.a.w.) alipohadithiwa alimsadikisha Salman. Angalia kwamba Salman hakumzuia mwenzake kusimama usiku. Alimpangia tu lala kwanza, simama baadaye.

Mwili unavyofanya kazi

Mwenyezi Mungu ametutajia katika Suratun-Nabaa, aya ya 9 hadi 11, kwamba ameujaalia usingizi kuwa mapumziko, usiku kuwa vazi, na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Wataalamu nao wameeleza kwa upande wao namna mwili ulivyoumbwa kufuata mpango huo. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua jinsi saa iliyomo ndani ya seli za viumbe inavyofanya kazi.

Mambo mawili yanatuhusu. La kwanza, ukiwa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyozidi, na ndivyo usingizi unavyokubana. Ukilala inapungua. Ukilala saa tano unaamka bado na mabaki. Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa tamko kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Nilipopiga hesabu yangu, nilikuwa napungukiwa saa mbili kila siku. Siku tano za masomo ni saa kumi. Kila Ijumaa nilikuwa naingia msikitini nikidaiwa zaidi ya usiku mzima.

La pili, mwanga wa asubuhi unaivuta saa ya mwili mbele. Anayetoka nje kila asubuhi mapema, usingizi wake wa usiku nao unafika mapema. Kwa hiyo mkimbiaji wa asubuhi anayesinzia saa tatu usiku si mgonjwa wala si mvivu. Mwili wake umefanya kile alichoufundisha. Anayetaka asubuhi ya mapema na usiku mrefu kwa pamoja anauvuta mwili pande mbili.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna neema moja katika jambo hili. Ndugu zetu wa Ulaya, wakati wa kiangazi Isha yao inakaribia usiku wa manane na Alfajiri inafuata baada ya saa chache. Hapa Mbale nyakati za swala hazipishani zaidi ya nusu saa hivi kwa mwaka mzima. Alfajiri inaingia karibu na saa kumi na moja na nusu, Isha karibu na saa mbili usiku. Ratiba utakayoipanga leo itakufaa mwaka mzima. Hatuna cha kusingizia.

Kukesha katika Sunna

Wapo watakaosema, "Lakini wema waliotangulia walikuwa wanakesha." Ni kweli, lakini tuangalie walikeshaje.

Abu Barza (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa anachukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Wanavyuoni wakaeleza kwamba kulala kabla ya Isha kunachukiza kwa kuhofia swala isipite. Imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akilala kabla yake pale asipohofia usingizi kumpitisha wakati. Basi mwenye mtu wa kumwamsha ana nafasi, na asiye naye, kama nilivyokuwa mimi, asijidanganye kwa dakika kumi.

Ama mazungumzo baada ya Isha, yanayochukiza ni yale yasiyo na faida. Imam Bukhari katika Kitabu cha Elimu ameweka mlango maalumu wa mazungumzo ya usiku katika elimu. Kusikilizana Qur'ani na kudurusu vinaingia humo. Kutazama simu hadi saa sita usiku hakuingii. Nilipojihesabu kwa haki niliona kwamba muda wangu baada ya Isha ulikuwa karibu saa nne. Elimu ilichukua saa moja, nayo niliitumia nikisinzia. Tatu zilizobaki zilikwenda kwenye simu na porojo, na humo nilikuwa macho kabisa!

Usiku wa Nabii Daud (a.s.), ambao Mtume (s.a.w.) ameueleza kuwa ndio kisimamo kinachopendeza zaidi kwa Allah, ulikuwa ni kulala nusu ya usiku, kusimama theluthi, kisha kulala sudusi. Unaanza kwa kulala. Kuhusu witri, imepokewa na Abu Daud kwamba Abubakar (r.a.) alikuwa akiiswali mwanzo wa usiku na Umar (r.a.) mwisho wake. Mtume (s.a.w.) akasema juu ya wa kwanza kuwa ameshika tahadhari, na juu ya wa pili kuwa ameshika nguvu. Hakumlaumu yeyote. Naye Abu Huraira (r.a.) aliusiwa aswali witri kabla ya kulala. Mwanafunzi mwenye mazoezi asubuhi ajione yumo katika wasia huo, wala asione haya.

Na ambaye usingizi umemzidi, Sunna imemruhusu aache. Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zainab, akichoka anajishikiza nayo. Akaamrisha ifunguliwe, na kwamba mtu aswali akiwa na uchangamfu, akichoka akae. Sisi kamba zetu ni vikombe vya kahawa.

Ratiba niliyoifuata

Mwalimu hakunipangia ratiba. Aliniambia neno moja, "Asubuhi yako inanunuliwa usiku. Kanunue kwanza." Nikapanga kwa kuhesabu kinyumenyume, kuanzia Alfajiri.

Kwanza, saa ya kulala. Naamka saa kumi na moja alfajiri. Ili nipate saa saba, lazima niwe nimelala saa nne usiku. Saa tatu u nusu simu inabaki kwenye meza ya mwenzangu wa chumba. Naswali witri, nasoma nyiradi za kulala, nazima taa.

Pili, mbio siku tatu badala ya tano. Nimechagua Jumanne, Ijumaa na Jumapili. Jumatatu na Alhamisi nimeziacha kwa anayefunga sunna. Ijumaa inafaa kwa sababu nikirudi na jasho naoga josho la Ijumaa. Kila siku tunakimbia dakika 40, jumla dakika 120 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kwa wiki kwa watu wazima, au 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani. Kwa hiyo mwili haukupungukiwa haki yake. Nilikuwa nauzidishia. Siku zisizo za mbio nakaa msikitini baada ya Alfajiri hadi jua lichomoze. Jabir bin Samura (r.a.) amepokea kwamba hivyo ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akifanya.

Tatu, kutoka kukiwa na mwanga. Tunasubiri kupambazuke ndipo tutoke. Bodaboda wanakuona, na mwanga unafanya kazi yake mwilini.

Nne, kailula. Sahl bin Saad (r.a.) ameeleza kwamba maswahaba siku ya Ijumaa walikuwa wakilala kailula na kula chakula cha mchana baada ya swala, jambo linaloonyesha lilikuwa katika mazoea yao. Baada ya Adhuhuri nalala dakika 20 hadi 25 kwa kengele ya simu. Ukipitisha nusu saa unaingia usingizi mzito, unaamka kichwa kizito, na usiku unakukimbia.

Tano, kahawa kabla ya Alasiri tu. Tumezungukwa na kahawa nzuri ya milima ya Elgon, na historia inatwambia kwamba masufi wa Yemen katika karne ya 15 waliinywa ili wabaki macho katika dhikri. Lakini kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu mwilini. Kikombe ulichokunywa saa moja jioni, nusu yake bado imo saa sita usiku. Mimi nilikuwa nainywa Magharibi ili nisisinzie Isha, matokeo yake nilikosa usingizi wakati wa kulala, na kesho yake nikahitaji vikombe viwili.

Sita, tumbo na kitanda. Posho na maharage sahani iliyojaa baada ya Magharibi ni mwaliko wa usingizi. Nakula kiasi, na kati ya Magharibi na Isha sikai kitandani. Nabaki msikitini, au nafanya kazi ya kusimama kama kufua na kupiga pasi.

Saba, kazi ya mtu mwingine iwe ya kwanza. Baada ya Isha, kabla ya vitabu vyangu mwenyewe, namaliza kwanza niliyemwahidi. Nikisinzia juu ya kitabu changu nimejidhulumu mwenyewe. Nikisinzia juu ya kisomo cha ndugu yangu nimemdhulumu yeye. Na nikiona macho yananilemea namwambia wazi, tunasimama kwenda kutawadha au tunaahirisha. Kujifanya nasikiliza ni aina ya uongo.

Ratiba hii si ya kila mtu. Dada zetu wa bweni lao wamenieleza kwamba kwao kukimbia barabarani hakufai, wanaruka kamba na kufanya mazoezi ndani ya uwanja wao Alasiri, na jioni hawasinzii. Wao wameshalitatua tatizo kabla halijaanza. Mwenye maradhi amuulize daktari. Katika Ramadhani, daku na Tarawehe zinabadilisha kila kitu, na mazoezi mepesi karibu na kufuturu yanafaa zaidi kuliko mbio za asubuhi. Wiki ya mitihani, kama lazima kimoja kipungue, zipungue mbio, usipungue usingizi wala swala.

Hitimisho

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Saa nne usiku nilikuwa najilaza macho makavu, nikisikia wenzangu wanacheka ukumbini, nikajiona nimezeeka. Wiki ya tatu mwili ulikubali. Nilipoona naweza kukaa macho kutoka Magharibi hadi saa tatu u nusu bila kusinzia, nilikwenda mwenyewe kwenye chumba cha yule mdogo wetu. Nikamwomba msamaha, nikamwambia mlango wangu uko wazi, na kwamba Jumatatu usiku nitamngoja.

Alikuja. Alipoikaribia ile aya ya 58 alipunguza mwendo, akanitazama. Akaanza kuteleza, nikamsimamisha. Akarudia, akateleza, nikamsimamisha tena. Mara ya nne aliipita sawasawa. Mwisho wa mwezi alihudhurisha, na alhamdulillahi alipita. Mimi bado nakimbia, siku tatu.

Ndugu msomaji, usiyaache mazoezi yako ya asubuhi, wala usiuache usiku wako wa elimu. Jiulize tu, nani analipa gharama ya ratiba yako? Ikiwa ni swala yako ya Isha, au ni mtu anayekutegemea, basi ratiba hiyo ina deni hata kama watu wanaisifu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya katika miili yetu, baraka katika asubuhi zetu, na utulivu katika usiku wetu, na atujaalie tumpe kila mwenye haki haki yake. Amin.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Taja haki zilizotajwa katika hadithi ya Abdullah bin Amr (r.a.). Ni ipi unayoilipa zaidi, na ni ipi unayoisahau?

2. Hesabu saa zako za usingizi kwa siku saba zilizopita. Je, unadaiwa saa ngapi? Zilikwenda wapi?

3. Kuna tofauti gani kati ya kulala kabla ya Isha kwa mwenye mtu wa kumwamsha na kwa asiye naye? Katika chumba chenu, mnaweza kuamshana vipi?

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.